Nimenunua nyumba yenye bwawa la kuogelea, kipimo kinasema klorini hamna na kila jioni namwaga dawa. Wazoefu njooni

#1 Mgeni wa Kibada

Wakuu habari za jioni.

Nimehamia Kigamboni, Kibada, tangu Desemba. Nyumba niliinunua kwa mzee mmoja aliyehamia kwa wanawe, na nyuma ina bwawa. Sikuwa natafuta bwawa, nilikuwa natafuta nyumba yenye hati safi, bwawa likaja kama nyongeza. Sasa ndilo linaloninyima usingizi.

Urefu mita 8, upana 4, upande wa watoto kina mita 1.1 na kule mwisho 1.9, sakafu inateremka taratibu. Vigae vya bluu. Pampu ipo, tangi la mchanga lipo. Stoo nimerithi pipa la unga mweupe lililofika nusu na ndoo ya vidonge vikubwa kama vitumbua. Nikarithi na kijana aliyekuwa anakuja Jumatano na Jumamosi: anamwaga kopo moja la unga, anapiga brashi, anachukua chake. Nikimuuliza kwa nini kopo moja na si mawili, jibu lake "mzee ndivyo alivyozoea". Machi akapata kazi Dodoma, akaniaga kwa simu.

Mvua za Aprili zilipokolea, bwawa likageuka kijani ndani ya siku mbili. Nikamwaga makopo matatu, kesho yake matatu tena, likarudi bluu. Nikajiona fundi. Nikasema sasa mambo ya kukadiria basi, nitapima. Shemeji akaniletea kisanduku cha kupimia, kile chenye vichupa viwili na vidonge vidogo. Kimoja cha klorini, maji yanatakiwa yawe ya waridi. Kingine cha pH, yaani ukali wa maji, kinaanzia njano (makali) kinaishia zambarau.

Hapo ndipo nilipopotea. Kila nikipima klorini, maji meupe pee. Kikaratasi kinasema meupe maana yake sifuri. Basi kila jioni namwaga kopo (nimelipima kwenye mzani wa jikoni, gramu 500). Asubuhi napima, sifuri. Leo ni wiki ya pili. pH nayo inasoma zambarau iliyokolea kuliko hata ile ya mwisho kwenye kisanduku. Dukani wakaniambia nishushe kwa tindikali, nimeshamwaga lita 5 kwa awamu na rangi haijasogea hata kidogo.

Maji yenyewe yanang'aa, sarafu ukiitupa kule kwenye kina unaisoma. Lakini watoto wanatoka macho mekundu. Kaptula ya dogo ilikuwa nyekundu, sasa ina rangi ya chungwa lililokaa juani. Mama watoto amegoma kuingia. Na ngazi ya chuma, ile niliyoambiwa haishiki kutu, imeanza kutoa vidoa vya kahawia.

Klorini inaenda wapi wakuu? Au unga umeharibika?

#2 Kiti cha Mbele

Nimekaa paleee. Huku kwetu tunasubiri mgao na ndoo mkononi, mwenzetu maji yamemzidi mpaka anayapima rangi. Endeleeni wakuu, tunajifunza ya ukubwani.

#3 Boza Kamili

Mkuu maji yamechoka hayo. Yakishachoka dawa haishiki. Mwaga yote, vigae pitisha tindikali, jaza upya. Nina maboza ya lita elfu kumi, Kigamboni yote nafika. Njoo inbox.

#4 Fundi Chujio

Mleta uzi, usimwage kitu. Unga usimwage, tindikali usimwage, na maji usiyamwage. Watoto wasiingie leo wala kesho.

Nimehudumia mabwawa ya watu miaka 14, kutoka Masaki mpaka Kunduchi, na huu ugonjwa wako ninauona kila mwaka. Kabla sijasema, nijibu matatu. Pipa limeandikwa nini ubavuni, na ndoo ya vidonge imeandikwa nini? Vile vidonge vya ndoo vinatumika, au viko tu stoo? La tatu ndilo kubwa: ukidondosha kidonge cha kupimia klorini, sekunde ile ya kwanza kinapogusa maji, unaona nini?

#5 Mgeni wa Kibada

Pipa: kalsiamu haipokloraiti, asilimia 65. Ndoo: traikloro, asilimia 90. Vidonge vinatumika ndiyo, kuna kile kiboya cheupe kinaelea, kijana alikuwa anatia viwili kila wiki na mimi nikaendelea hivyo hivyo.

Hilo la tatu limenifanya nirudi nje na tochi. Nimedondosha kidonge nikiwa nimekazia macho. Kikigusa maji, pale pale chini kinatoa kawingu ka waridi, tena waridi kali, halafu sekunde moja kamepotea. Maji yanabaki meupe. Siku zote huwa natia kidonge, nafunga kifuniko, natikisa, ndipo natazama. Sikuwahi kukaona.

#6 Fundi Chujio

Umeshapona nusu.

Kidonge kile kinaitwa DPD. Kikikutana na klorini kinatoa waridi, klorini ikiongezeka waridi inakolea. Lakini klorini ikizidi mno, inaichubua rangi ileile iliyoitengeneza, kama dawa ya madoa inavyolichubua shati. Kwa hiyo bwawa lisilo na klorini kabisa na bwawa lililopindukia yote mawili yanakupa maji meupe. Tofauti yao ni hako kawingu. Kaptula ya dogo ilikuambia ukweli kabla ya kisanduku.

Fanya hivi. Chukua maji ya chupa ya dukani, yale ya kunywa. Bomba la sindano la dukani la mililita 10 litakufaa. Mililita 1 ya maji ya bwawa, 9 za maji ya chupa, changanya kwenye glasi safi, kisha pima hiyo. Utakachosoma zidisha mara 10. Kidonge usikishike kwa vidole, kipasue kwenye karatasi yake kianguke chenyewe kwenye kichupa. Na maji ya bwawa yachote kwa kuzamisha mkono mpaka kiwiko, mbali na matundu yanayorudisha maji kutoka kwenye pampu. Maji ya juu juu na yale yanayotoka tunduni hayakuambii habari za bwawa zima.

#7 Kiti cha Mbele

Haya sasa, uzi umenoga. Nimevuta kiti karibu.

#8 Mgeni wa Kibada

MREJESHO.

Nimechanganya moja kwa tisa. Rangi imesimama katikati ya alama ya 2 na ya 3. Tuseme 2.5. Mara kumi ni 25.

Nimerudia mara mbili kwa sababu sikuamini. Ni 25. Na kikaratasi cha kisanduku kinasema bwawa la nyumbani liwe kati ya 1 na 3.

Nimekaa kwenye ukingo nikawaza hao watoto. Nisameheni, leo sina la kuongeza.

#9 Mama Wawili

Pole baba. Usijilaumu, sisi wote tumeyajulia njiani. Mimi nina nyumba ya wageni Bagamoyo yenye kabwawa, mwanzo nilikuwa napima kwa kunusa. Nikisikia harufu najua dawa ipo.

Swali langu kwa Fundi: mimi natumia kile kipimo cha matone, klorini inakuwa njano. Nacho kinadanganya?

#10 Fundi Chujio

Mama Wawili, chako hakidanganyi, kinajumlisha. Matone ya njano yanahesabu klorini yote iliyomo, iliyo hai na iliyokwisha kufa. Klorini ikishapambana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi inageuka kitu kingine, bado inaonekana kwenye njano lakini kazi haifanyi. Kisanduku cha mleta uzi kina kidonge namba 1 kinachopima iliyo hai, na namba 3 unachoongeza humo humo kupata jumla. Ukitoa iliyo hai kwenye jumla, unapata maiti. Zikizidi 0.5 ujue bwawa linataka kusafishwa, na kile kipigo cha kusafisha kinatakiwa kiwe kama mara 10 ya hizo maiti. Ukipiga kidogo kidogo hutoki.

Sasa mleta uzi, tupige hesabu yako ili usirudi hapa tena.

Kina chako ni 1.1 na 1.9, wastani 1.5. Nane mara nne mara moja na nusu ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Namba hiyo iandike kwa rangi kwenye ukuta wa stoo. Zile namba unazosoma kwenye kisanduku ni ppm, na ppm moja ni gramu moja kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo kupandisha klorini kwa 1 unahitaji gramu 48 za klorini tupu, na kwa unga wa asilimia 65 ni gramu 74 hivi. Kopo lako la gramu 500 linapandisha karibu 7. Kila jioni ulikuwa unatia dozi ya siku mbili tatu.

Swali linalobaki: kwa nini jua la Dar halikuila? Klorini isiyo na kinga jua la mchana linaifuta kwa saa chache tu. Yako imekaa. Kwa hiyo ina kinga, na kinga hiyo imetoka kwenye vitumbua vyako.

#11 Boza Kamili

Fundi unazunguka mno. Nilisema tangu mwanzo, mwaga.

#12 Fundi Chujio

Boza Kamili kwenye kumwaga tutakutana, subiri.

Vile vidonge vya traikloro ndani yake vimebeba stabilaiza, asidi ya sayanuriki. Ndiyo kinga dhidi ya jua, na kidogo ni nzuri, 30 mpaka 50. Shida yake haitoki. Jua haliili, na mchanga wa chujio hauishiki. Klorini inatumika inaisha, stabilaiza inabaki, wiki ijayo unatia vidonge vingine inapanda tena. Kwa kila ppm 10 za klorini unazopata kwenye vidonge hivyo, unapata stabilaiza kama 6. Mzee ametia miaka mingapi?

Na ikizidi inaishika klorini kama mtu aliyeshikwa shati. Kipimo kinakuonyesha 3, lakini ndani ya maji inafanya kazi kwa kuburuta miguu. Ndiyo maana mvua za Aprili zilikuletea kijani wakati ulidhani unatia dawa kila wiki.

Kuipima ni kile kichupa kirefu chenye kidoa cheusi chini. Maji na dawa nusu kwa nusu, yanakuwa kama maziwa, unamimina taratibu huku unatazama kwa juu mpaka kidoa kipotee. Kipo maduka ya vifaa vya mabwawa. Nunua na cha kupimia alikalini, yaani uwezo wa maji kuhimili tindikali.

Kuhusu pH: sahau namba zote ulizosoma. Dawa ya pH nayo inaharibiwa na klorini nyingi, inakwenda zambarau ya uongo. Ulikuwa unamwaga tindikali kwenye maji ambayo pengine yalishakuwa makali. Ngazi inatoa kutu kwa sababu hiyo.

#13 Bahari ya Nyali

Salaam kutoka Mombasa. Nimekuwa mtu wa bwawa hotelini miaka kumi na moja, na Fundi amesema kweli tupu. Niongeze la harufu, maana Mama Wawili kaligusa.

Wageni huja wakaniambia "bwawa lenu lanuka dawa, mmezidisha". Mimi nawaambia kinyume chake. Bwawa lenye klorini safi halinuki hivyo. Ile harufu ya kukereketa koo ni klorini iliyochoka, imeshalishwa jasho na mkojo. Siku ya Jumapili, wakija watoto hamsini wa shule na hakuna aliyepita bafuni, saa kumi jioni waisikia harufu kutoka getini. Bafu la dakika moja kabla ya kuingia laokoa dawa nyingi sana. Na mafuta ya nazi ya nywele, jamani! Yafanya mstari wa utando pale maji yanapogusana na vigae, waupangusa kwa sifongo mpaka bega liume.

#14 Mgeni wa Kibada

MREJESHO WA PILI. Samahani kwa kimya, ni siku ya sita.

Kiboya nimekitoa. Sijamwaga kitu. Pampu natembeza mchana kwa muda wa saa nane kama kawaida. Klorini imeshuka: 25, 22, 18, 14, 11, leo 8. Nikifika hapo nikapima pH kwa mara ya kwanza kwa uaminifu. Njano. Njano ya mwisho kabisa, 6.8, na huenda iko chini zaidi kwa sababu kisanduku hakina namba nyingine chini ya hiyo. Alikalini ni 30.

Stabilaiza: nilimimina, kidoa kikapotea mapema kabla maji hayajafika hata alama ya 100, na mizani inaishia hapo. Nikafanya ule ujanja wa Fundi, nikayapunguza maji ya bwawa nusu kwa nusu na ya chupa. Kidoa kikapotea kwenye 70. Kwa hiyo 140.

Nikaenda kupapasa vigae kule ngazini. Ile saruji nyeupe ya katikati ya vigae inatoka kama chaki kwenye kidole.

#15 Fundi Chujio

140, nilitegemea hivyo. Kuishusha hakuna dawa ya kuiamini zaidi ya kutoa maji na kuingiza mengine. Ukitoa nusu inakuwa 70. Ukija kutoa theluthi tena inakuwa kama 47. Hapo unakaa.

Lakini SI YOTE KWA MARA MOJA. Boza Kamili nisikilize na wewe, usije ukampa mtu hasara. Kibada na Kigamboni yote maji ya ardhini yako karibu, na hii ni Mei, ardhi imelewa. Bwawa lililojaa ni zito, linajikandamiza lenyewe. Ukilitoa maji yote, yale ya chini yanalisukuma kwenda juu kama mtumbwi. Nimeona bwawa zima limenyanyuka upande mmoja, vigae vimepasuka kutoka kona hadi kona, mabomba yamekatika. Hiyo hairekebishiki, unajenga upya.

Toa nusu, jaza siku hiyo hiyo. Pumzika wiki. Toa theluthi, jaza. Na usiyaelekeze kwenye bustani ya mama wala kwa jirani.

Maji ya kujazia unatoa wapi?

#16 Kiti cha Mbele

Nusu ya 48 ni 24. Theluthi ni 16. Jumla 40. Yaani anakwepa kumwaga elfu 48 kwa kumwaga elfu 40? Tofauti si hata boza moja mkuu.

#17 Fundi Chujio

Tofauti ni bwawa lenyewe.

#18 Kiti cha Mbele

Nimeelewa. Narudi kwenye kiti changu.

#19 Mgeni wa Kibada

Nina kisima, mita 40 na kitu. Maji yake meupe, tunaogea na kufulia. Nilipanga nitumie hayo, bure.

#20 Fundi Chujio

Usiyaamini kwa macho. Chukua ndoo nyeupe, jaza maji ya kisima, tia kijiko kidogo cha unga wa klorini, koroga, iache usiku kucha. Asubuhi tazama. Yakibaki meupe, kazi imekwisha. Yakigeuka rangi ya chai, yana chuma. Chuma kikiwa kimeyeyuka hukioni, klorini ndiyo inakitoa mafichoni. Ukijaza bwawa kwa maji hayo, siku utakayotia dawa utaamka na lita elfu 24 za chai ya rangi, na vigae vikishika hiyo rangi utavisugua mpaka uzee.

#21 Mgeni wa Kibada

Ndoo nimeitazama saa kumi na mbili asubuhi na mswaki mdomoni. Chai. Si ya mkandaa, lakini chai. Na chini kuna vumbi jekundu kama la kokoto.

Nimeagiza maboza. Na kabla dereva hajafungua bomba la kwanza nikamwambia ngoja, nikachota kwenye ndoo, nikatia unga. Akaniuliza "bosi hunywi haya, unapima nini?" Nikamwambia wewe kaa, kunywa soda. Chuma hakionekani kwa dakika tano, lakini nilipima na alikalini, ikasoma 60, na ile ndoo niliiacha mpaka usiku. Safi. Mengine yote nikachukua kwa huyo huyo.

(Si Boza Kamili, samahani mkuu. Ulikuwa unataka nimwage yote.)

#22 Boza Kamili

Haina shida. Ila na mimi nimejifunza hilo la mtumbwi. Kuna mteja nilitaka nimshauri hivyo hivyo wiki hii.

#23 Mama Wawili

Nilitaka kuuliza kitu cha aibu kidogo. Mtoto wa mgeni akichafua majini, mnafanyaje? Kwangu imetokea mara mbili, nilitoa kwa wavu nikamwaga dawa kwa kukisia.

#24 Bahari ya Nyali

Si aibu dada, ndiyo kazi yenyewe. Kwanza wote watoke, hata aliyelipia. Kama ni kigumu, kitoe kwa wavu au ndoo, usikivute kwa mashine ya kufyonza. Klorini iwe 2 au zaidi, pH isizidi 7.5, shika hivyo kwa dakika 25, kisha wavu nao ukauoshe kwa maji ya bwawa hilo hilo lenye dawa.

Kama ni mtoto anayeharisha, hapo mambo mengine. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, chaishi ndani ya maji yenye klorini ya kawaida kwa siku kadhaa bila wasiwasi. Kukiua yataka 20 kwa saa 13 hivi, tena maji yawe hayana stabilaiza kabisa. Kwenye bwawa lenye stabilaiza nyingi hata hiyo haitoshi. Ndiyo maana kwetu kibao cha kwanza ukiingia getini chasema mwenye kuharisha asiingie, na hakuna kuvumiliana.

#25 Mkwezi

Wakuu kwa nini msihamie bwawa la chumvi tuachane na haya ya klorini? Nimeona hoteli moja Zanzibar, maji laini hayana dawa.

#26 Fundi Chujio

Mkwezi, bwawa la chumvi ni bwawa la klorini. Kile kimashine kinapitisha umeme kwenye maji ya chumvi kinatengeneza klorini humo humo. Ni mazuri, lakini vipimo ni vile vile, pH yake ina tabia ya kupanda, na umeme ukikatika siku mbili mashine imelala. Si dawa ya uvivu.

Nirudi kwa kilichonifanya niache chai yangu: STOO. Mleta uzi ana pipa la unga na ndoo ya vitumbua, na nina hakika kuna kopo moja linachota vyote viwili.

#27 Mgeni wa Kibada

Kopo ni moja. Ndoo iko juu ya pipa, kifuniko cha ndoo hakifungi vizuri. Na dumu la tindikali lipo hapo pembeni.

#28 Fundi Chujio

Nenda sasa hivi, halafu urudi usome.

Unga wa kalsiamu na vidonge vya traikloro vyote vinaitwa klorini, na ndugu hawa wawili wakigusana wakiwa na unyevu kidogo wanawaka moto. Si mfano, moto wenyewe, na unaweza kulipuka. Kijana mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi alichota unga kwa kopo lililokuwa na chenga za vidonge. Likaanza kutoa moshi mkononi, akalitupa kwenye nyasi, likawaka. Akilala alikuwa anakohoa wiki nzima. Kwa sababu hiyo hiyo usitie unga kwenye lile tundu la kukusanyia majani kama ndani kumewahi kukaa vidonge.

Tindikali ikikutana na chochote kati ya hivyo inatoa gesi ya klorini, nayo stoo ndogo isiyo na dirisha haikupi muda wa kutafuta mlango. Dumu likakae kwingine kabisa. Kila kitu na kopo lake, kavu, lenye rangi yake. Na siku zote dawa ndiyo inaingia kwenye maji. Jaza ndoo maji kwanza, ndipo unyunyize unga. Ukianza na unga halafu ukamimina maji, unacheza na uso wako.

#29 Mgeni wa Kibada

Nimetenganisha. Vidonge nimeviweka nje kwenye banda lenye kivuli, vimefunikwa, tindikali kwenye kibanda cha jenereta kilichokuwa tupu. Kopo la zamani nimelitoboa tundu chini asije mtu akalitumia.

#30 Mgeni wa Kibada

MREJESHO WA TATU, wiki mbili na nusu baadaye.

Maboza yote manne yameingia kwa awamu mbili. Stabilaiza imesoma kati ya 45 na 50. Klorini ilishuka mpaka 1, nikaipandisha kwa hesabu: kutoka 1 kwenda 4 ni 3, mara gramu 74, gramu 222. Nimezipima kwenye mzani. Nikayeyusha kwenye ndoo, nikazungusha ukingoni jua lilipozama na pampu ikitembea. Saa tatu baadaye napima, waridi imetulia pale kwenye 4 haitoroki. Nilimwita mama watoto aje aone. Akaja, akatazama kichupa, akasema "sawa", akarudi kwenye tamthilia yake.

Alikalini ilibaki 50. Fundi alinielekeza nitumie bikabonati, ile ya kuumulia, kuipeleka 90. Kwa lita 48,000 ni kama gramu 800 kwa kila 10, kwa hiyo kilo 3.2. Nilienda duka la vifaa vya keki, dada akaniuliza naoka mikate mingapi. Nimetia nusu jana, nusu leo. pH imepanda yenyewe kwenye 7.4, sijagusa kitu kingine. Hilo sikulijua: alikalini ndiyo inayoshikilia pH isiyumbe, na ulikuwa ukifukuza pH peke yake ungeifukuza mwaka mzima.

Daftari nimelifungua. Tarehe, klorini, pH, mvua imenyesha au la, watu wangapi wameingia. Baada ya wiki moja nimeona bwawa langu linakula 2 kwa siku ya jua na pungufu ya hapo kukiwa na mawingu. Kwa hiyo kila jioni ni gramu 150 hivi. Ile gramu 500 nikiikumbuka nasikia macho yananiwasha.

Vile vitumbua nimevibakiza kwa siku za safari tu. Watoto wameingia Jumamosi.

#31 Mama Wawili

Hongera sana baba. Nimenunua na mimi cha vidonge. Kumbe yangu ilikuwa jumla 3, iliyo hai 1. Maiti mbili! Leo usiku napiga ishirini kama ulivyosema Fundi.

#32 Fundi Chujio

Mama Wawili sawa kabisa, wageni wasiingie mpaka ishuke.

Mleta uzi safi. Umebakiza chujio, hujaligusa tangu uhamie. Pampu ikitembea, geji juu ya tangi la mchanga inasoma ngapi? Ukishaliosha kinyumenyume andika namba ya usafi, ikipanda 8 au 10 juu ya hapo unaosha tena. Na usizungushe ule mkono wa juu pampu ikiwa inatembea, utakata raba ya ndani.

#33 Mgeni wa Kibada

Inasoma 12.

#34 Fundi Chujio

Zima pampu. Sasa inasoma ngapi?

#35 Mgeni wa Kibada

12.